Basi lina madereva wawili, gari la wagonjwa lina mmoja

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza haliachwi mikononi mwa dereva mmoja. Safari ikizidi saa nane, kanuni za usafirishaji zinataka madereva wawili, na askari wa barabarani akilisimamisha ana haki ya kuuliza yule wa pili yuko wapi. Kwa karibu miaka thelathini serikali ilizuia hata mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, na zuio hilo liliondolewa mwaka 2023 tu. Yote hayo yalitokana na vifo. Abiria walikufa kwa wingi, taifa likalia, na mwishowe likakubali kwamba mtu aliyechoka hapaswi kushika usukani wenye roho za watu nyuma yake.

Sasa tazama safari nyingine. Ni saa nne usiku, Songea. Mgonjwa amezidiwa na anapewa rufaa kwenda hospitali ya kanda Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, kona baada ya kona, ukungu wa Njombe ukiwa njiani. Dereva wa gari la wagonjwa ni mmoja, na tangu asubuhi amekuwa akizunguka na chanjo, barua na watumishi wa halmashauri. Nyuma yuko muuguzi mmoja aliyetolewa wodini, kaacha wodi na mwenzake, kashika dripu huku akijishikilia asianguke. Wakifika Mbeya alfajiri watakabidhi mgonjwa, watakunywa chai, kisha watageuza, kwa sababu gari linasubiriwa. Safari hii hakuna anayeuliza dereva wa pili yuko wapi.

Hoja yangu ni kwamba uchovu wa watoa huduma za dharura tumeugeuza kuwa suala la moyo wa mtu, ilhali ni suala la ratiba. Muuguzi asiyelala tunamsifu kwa kujitolea. Akikosea dozi tunamwita mzembe. Kote kuwili tumemtazama yeye, na karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye zamu za mwezi mzima na sahihi ya mkubwa chini yake, hatujaigusa.

Mwili hauna habari na wito. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo hadi leo halijapata mpinzani wa maana. Waliwakeshesha watu, wakawanywesha pombe siku nyingine, wakawapima kwa zoezi lilelile la umakini wa macho na mkono. Aliyekaa macho saa 17 alifanya kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyefikisha saa 24 alishuka hadi kiwango cha 0.10, na katika majimbo mengi ya Marekani dereva hukamatwa akiwa na 0.08. Tofauti ni kwamba mlevi ananuka na anayumba, ndugu wa mgonjwa watamkataa mlangoni. Aliyekesha anavaa sare safi, anajibu salamu, anasoma chati. Na jambo baya kuliko yote, mwenyewe anajiona yuko sawa, kwa sababu uwezo wa kujua kwamba umechoka nao huchoka.

Kila mtu aliyewahi kuingia naiti anazijua saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri. Joto la mwili linashuka, macho yanawasha, mtu anasoma jina la dawa mara tatu na halimwingii. Hii ni saa ya ndani ya mwili, ile ambayo Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Nobeli mwaka 2017 kwa kueleza jinsi inavyoendeshwa na jeni. Saa hiyo inaongozwa na mwanga wa jua, na haibadiliki kwa sababu muuguzi mfawidhi kabadilisha ratiba Jumatatu. Tena ratiba nyingi zinambadilishia mtu zamu kila baada ya siku chache: asubuhi mbili, jioni mbili, usiku mbili, mapumziko. Mwili unapoanza kuzoea, umeshahamishwa.

Watu wanapozungumzia uchovu huhesabu saa za kazi. Mimi naona tungeanza na saa za kulala, na hasa na namna mtu anavyolala, maana hapo ndipo maisha ya huku yanapotofautiana na vitabu vya Ulaya. Mfikirie muuguzi wa idara ya dharura katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam anayeishi Chanika au Mbagala ndani ndani. Anamaliza kukabidhi zamu saa mbili asubuhi kama ripoti haikuwa ndefu. Anatoka nje, jua la pwani limeshawaka, na mwanga ule unaiambia akili yake kwamba siku imeanza. Homoni ya usingizi inakatika. Anapanda gari, anabadilisha gari, anafika nyumbani saa nne. Chumba kina bati, na kufikia saa sita mchana bati limekuwa jiko. Jirani kafungulia redio. Kuna fundi anachomelea geti. Mtoto amerudi shule na anajua mama yupo. Mjumbe anapita na mchango wa msiba. Akifungia simu kwenye begi, kazini watamtafuta wamkose; akiiacha wazi, kikundi cha ukoo kitamwamsha.

Na ni mama, mara nyingi. Wauguzi wengi ni wanawake, na mwanamke aliyelala mchana katika nyumba zetu anahesabiwa kuwa yupo nyumbani. Atapika. Ataulizwa unga uko wapi. Mwanamume aliyetoka lindo usiku watoto wanaambiwa wanyamaze, baba kalala. Sina takwimu ya jambo hili, lakini nimeona nyumba za kutosha kulisema bila kusita.

Watafiti wana dodoso linaloitwa Kielezo cha Pittsburgh cha Ubora wa Usingizi, lililotungwa mwaka 1989. Linamuuliza mtu amechukua muda gani kupata usingizi, ameamka mara ngapi, anatumia dawa za kulala au la, mchana anasinzia kiasi gani. Alama zinaanzia 0 hadi 21, na anayezidi 5 anahesabiwa kuwa analala vibaya. Katika tafiti za wahudumu wa magari ya wagonjwa nchini Marekani, zaidi ya nusu wamekuwa wakivuka hapo, na hao ni watu wenye mapazia mazito na viyoyozi. Dodoso hilo ni la kurasa chache na halihitaji mashine. Hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa ingeweza kulijaza na watumishi wake wote katika wiki moja. Kinachozuia ni kwamba ukishapima lazima ufanye kitu.

Kuna usingizi mwingine unaodanganya zaidi, ule wa anayesubiri kuitwa. Daktari yuko kol, amelala nyumbani, simu kando ya mto. Usiku ule hakuitwa hata mara moja. Mwajiri anasema amepumzika. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden waliwafungia vipimo vya mawimbi ya ubongo mainjinia wa meli waliokuwa wakilala huku wakisubiri kengele ya mtambo. Waligundua kwamba usingizi wao mzito ulipungua, na ulikuwa umeshaharibika hata kabla ya kengele yoyote kulia. Kule kungoja tu kunatosha. Wazungu wamefika mbali na jambo hili hadi mahakamani: mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya daktari mmoja wa Kiel, Ujerumani, iliamua kwamba daktari anayetakiwa kukaa hospitalini usiku akisubiri yuko kazini, hata kama amelala kitandani. Sisi tuna posho ya kuitwa kazini. Posho ni pesa, na ikija kwa wakati inapokewa kwa mikono miwili, lakini haimrudishii mtu usiku wake, na kesho saa moja na nusu asubuhi anatakiwa raundi kama kawaida.

Kundi ninalolihofia kuliko yote halipo hata kwenye orodha ya watumishi wa afya. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022, umefanya jambo kubwa. Mama mjamzito akipata dharura, kituo au familia inapiga 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, anatumwa dereva wa jamii mwenye teksi au gari lake, analipwa kwa simu. Nausifu mpango huu bila kubana. Hata hivyo yule dereva ameshinda barabarani akitafuta hesabu ya siku. Akipigiwa saa nane usiku ataamka, kwa sababu ni mtu mwema na kwa sababu ni pesa. Nani anamuuliza amelala saa ngapi? Swali moja tu la mpokea simu, kabla ya kumtuma, lingegharimu sekunde kumi.

Marekani walipitia haya kwa uchungu. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa chini ya madaktari vijana waliokuwa wakibeba zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, hakunyamaza. Baada ya miaka ya vurumai, mwaka 1989 jimbo la New York liliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo kwa madaktari walio mafunzoni, na mwaka 2003 ukomo wa saa 80 ukawa wa nchi nzima. Saa 80! Huo ndio uliokuwa ushindi.

Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 2004 utafiti wa Boston katika wodi za wagonjwa mahututi ulionesha kwamba madaktari tarajali waliobaki kwenye zamu za kizamani walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba daktari tarajali anayeendesha gari baada ya zamu ya kukesha ana uwezekano wa kupata ajali zaidi ya mara mbili ya anayetoka zamu ya kawaida. Hapo mtu angefunga mjadala: punguza saa, okoa watu.

Haukufungika. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa wodi sita za watoto mahututi, ulileta matokeo ya kuudhi. Zamu zilipofupishwa makosa yaliongezeka. Walipochimba wakaona sababu: katika sehemu nyingi zamu zilipunguzwa bila kuongeza mtu, hivyo kila daktari alibeba wagonjwa wengi zaidi kwa saa chache. Walipoweka idadi ya wagonjwa kwenye hesabu, tofauti ikayeyuka. Nimeusoma utafiti huo mara kadhaa kwa sababu naona unatuhusu sisi kuliko ulivyowahi kutuhusu ule wa 2004. Mtu anayesimama bungeni na kudai saa zipunguzwe, akaishia hapo, anatuuzia nusu ya dawa. Ukigawa uchovu uleule kwa watu walewale kwa mpangilio mpya, umehamisha tu mahali utakapolipuka.

Tena sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na inampa anayefanya kazi usiku nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Kisha kuna mlango wa nyuma: vifungu kadhaa havitumiki kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida. Mlango huo una maana, tukipata janga kama lile la lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, hakuna mwenye akili atakayesema saa zangu zimekwisha. Lakini idara ya dharura inayofurika kila Jumamosi usiku kwa ajali za bodaboda haijakumbwa na janga, ipo katika siku yake ya kawaida. Anayeutumia mlango ule kujazia ratiba ya mwezi mzima anaivunja sheria kwa adabu.

Kuna jambo ambalo wenyewe hatupendi kulisema hadharani. Si kila mtumishi anachukia zamu ndefu. Wengi wanazipenda, maana ukibeba saa 24 leo unapata siku mbili za kwenda kufanya pati-taimu hospitali binafsi. Kenya wanaita lokamu, na kuna vijana wanaotoka lokamu moja kuingia nyingine bila kuliona godoro. Wahudumu wa magari ya wagonjwa Marekani nao hivyo hivyo, zamu ya saa 24 inapendwa na wengi wana kazi mbili. Chama cha wafanyakazi kikisimama kutetea mapumziko huku wanachama wake wakiyauza mapumziko hayo, mwajiri anacheka kimoyomoyo. Simlaumu mtumishi mwenye ada ya watoto na mkopo wa benki unaokatwa kila tarehe ya mshahara. Ila mjadala wa usingizi usiogusa mshahara ni porojo, na mganga mfawidhi anayejua kwamba kijana wake katoka kukesha mahali pengine, akampangia chumba cha majeraha, anajua anachokifanya.

Ni nini kinawezekana kesho asubuhi? Mwaka 2018 wataalamu wa huduma za dharura Marekani walichapisha mwongozo wa kudhibiti uchovu. Ulikuwa mfupi na wa kawaida kabisa: pimeni uchovu kwa dodoso, zamu zisifike saa 24, watu wapate kahawa, wafundishwe kuhusu usingizi, na waruhusiwe kusinzia kidogo wakiwa zamuni. Kahawa huku haina shida, muuza kahawa na kashata anajua geti la hospitali kuliko mlinzi, ingawa anayekunywa saa kumi alfajiri ajue ataikuta tena kitandani saa nne asubuhi. Patakapokuwa na vita ni kwenye kulala.

Kwetu muuguzi aliyelala zamuni ni aibu, na sasa ni picha ya WhatsApp. Ndugu wa mgonjwa anampiga picha, inasambaa, mkuu wa wilaya anafika na kamera, barua ya kujieleza inaandikwa. Mwaka 2015 huko Monterrey, Mexico, mtu alirusha mtandaoni picha ya daktari mwanafunzi aliyesinzia mezani saa tisa usiku akiwa anaandika faili. Madaktari wa Amerika ya Kusini na kwingineko walijibu kwa kurusha picha zao wenyewe wamelala kwenye viti, sakafuni, juu ya makabrasha, chini ya maneno ya Kihispania yanayomaanisha "mimi pia nililala". Nilipenda jibu lao kwa sababu halikuomba radhi. Marubani wa ndege wanapumzika kwa zamu wakiwa hewani na abiria wanajua. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapa marubani nafasi ya kusinzia, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ukapanda waziwazi. Ndugu msomaji, ni yupi ungependa amchome mwanao sindano saa kumi alfajiri, aliyelala nusu saa kwa ratiba huku mwenzake akishika wodi, au aliyesimama wima akisinzia kwa macho yaliyo wazi?

Kulala huko kunataka utaratibu. Kiwe chumba, si kiti. Kuandikwe kwenye ratiba, nani saa ngapi, ili kusiwe kulala kwa wizi. Aliyeamka apewe robo saa kabla ya kugusa dawa, kwa sababu akili inachelewa kuamka nyuma ya mwili. Dozi za watoto na zile dawa hatari za mshipani katika saa zile mbaya zisomwe na wawili. Gari lililopeleka rufaa ya mbali usiku lisirudi usiku uleule. Kitanda cha dereva kwenye hospitali inayopokea ni bei ndogo mno kulinganisha na gari lililopinduka na muuguzi ndani yake. Na fomu ya kuripoti tukio, ile inayojazwa mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, iongezwe mstari mmoja wa kuuliza mhusika alikuwa macho tangu saa ngapi. Bila mstari huo kila kosa litaendelea kuandikwa uzembe.

Haya yote yanahitaji angalau watu watatu usiku, mmoja alale wawili wabaki. Kwenye kituo cha afya chenye muuguzi mmoja, ambaye huyo huyo anazalisha, anashona majeraha na anafungua geti, mwongozo wangu hauna kazi. Hapo hakuna cha kupanga upya. Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na sisi tuko chini yake kwa mbali. Kinachonikera ni kwamba wanaokosekana wamo mitaani. Wauguzi na matabibu waliosomeshwa, wakafaulu na kusajiliwa, wanauza vocha na kuendesha bodaboda wakisubiri tangazo la ajira, na kila kibali kikitoka wanaoomba ni wengi mara kadhaa kuliko nafasi. Watu wa kumpokea yule muuguzi zamu wapo, na vyeti vyao viko kwenye bahasha. Swali la usiku wa leo katika kituo kile ni la bajeti ya ajira, na wanaolijibu hulijibu mchana.